GTO ya 1968 kwa dola 52,000: hii ni bei ya haki?

MWANA_KILOSA (Dallas, Texas)

Wakuu, salaam kwenu. Mimi naendesha semi, wiki nzima niko barabarani, na kwa muda mrefu nimeweka akiba kwa ajili ya gari moja tu: Pontiac GTO ya 1968. Si ya kupeleka kwenye maonyesho. Nataka ya kuendesha Jumapili, wanangu wakiwa wamekaa nyuma.

Nimeipata moja nje kidogo ya Tulsa, Oklahoma, kwa mfanyabiashara wa magari ya kale. Anataka dola 52,000. Ni nyekundu, paa limevikwa vinili nyeusi, gia nne za mkono, injini ya inchi za ujazo 400, taa za mbele ni zile za kujificha. Tangazo linasema "namba zote zinalingana", yaani injini na gia ni zilezile lilizotoka nazo kiwandani, na "imefanyiwa ukarabati kamili". Nilipita huko na mzigo nikaiona kwa macho yangu. Iliwaka mara moja, na mngurumo wake ulinisisimua mwili.

Nimepiga picha. Namba ya chesisi inayosomeka kupitia kioo cha mbele inaanza 242378P. Kibati kidogo kilichopo nyuma ya injini, kwenye ule ukuta wa chuma, kina herufi Q sehemu ya rangi. Kwenye bloki, upande wa mbele, chini ya silinda hedi ya upande wa abiria, kuna herufi YS. Tairi zote zinasomeka 2409 mwishoni mwa namba zake. Halafu pembeni mwa kioo cha nyuma, chini, vinili imeinuka vipele viwili vitatu. Mwenyewe anasema ni gundi tu imeachia kwa joto.

Kinachonichanganya ni bei za mtandaoni. Gari la mwaka huohuo, jina hilohilo, moja nimeliona kwa 26,000 na jingine kwa 90,000. Lori naweza kulikadiria hata gizani, lakini hili linakadiriwaje? Bajeti niliyokubaliana na mama watoto ni 40,000 na hapo ndipo mwisho. Jamaa anasema atashuka kidogo nikienda na pesa wiki hii. Naombeni mawazo yenu.


KINARA_HOUSTON

Mkuu, mimi ningempa 45 nikaondoka nalo. Magari haya hayatengenezwi tena, Pontiac yenyewe ilifungwa, na kila mwaka yanapungua. Ukikaa unahesabu herufi za kwenye bloki, mwenzako anakuja na hundi anachukua. Injini inawaka, gia zinaingia, rangi inang'aa. Unataka nini tena?


BINTI_MATRAH (Maskati)

Assalaam aleikum. Kaka yangu, usimsikilize huyo wa kukuharakisha. Sisi huku tukinunua kutoka Marekani gari linapanda meli, na likishafika hakuna kurudisha, kwa hiyo tumejifunza kusoma namba kabla ya kusoma tangazo.

Mimi na ndugu yangu tulikuwa tunatafuta Mustang Mach 1 ya 1969. Muuzaji akatuandikia kwamba ina 428 Cobra Jet, ile injini ya nguvu ya inchi za ujazo 428, na bei akaipandisha ya Cobra Jet. Namba ya chesisi ikawa inaanza 9R02M. Kwa Ford za miaka ile herufi ya tano ndiyo injini. M ni 351 ya kabureta ya midomo minne. Cobra Jet ya mwaka ule ingekuwa Q, au R kama ina Ram Air, yaani mfumo wa kuvuta hewa ya nje moja kwa moja kwenye kabureta. Hiyo R ya mwanzo, ya nafasi ya pili, ni kiwanda cha San Jose tu, haina uhusiano na injini, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Tukaagiza ripoti ya Marti, ambayo hutolewa kutokana na kumbukumbu za Ford wenyewe, ikathibitisha kila kitu: Mach 1 ya kweli, injini 351. Tuliinunua kwa bei ya 351, na ni gari zuri sana, tunalipenda. Lakini zile pesa za ziada alizotaka zilikuwa za injini ambayo haikuwahi kuingia mle kutoka kiwandani.

Kwa Pontiac sina ujuzi. Yupo humu mzee mmoja wa Mombasa anayefanya kazi Michigan, subiri aje.


FUNDI_MVITA (Michigan)

Mwanangu wa Kilosa, nimekuja. Ahsante dada wa Matrah kwa kuniita, na uliyoyasema kuhusu Mustang ni sahihi.

Kwanza nakupongeza kwa picha. Watu huniletea picha ya gari limeegeshwa jioni jua likizama, wakiniuliza bei. Wewe umeleta namba, na namba zako zimeshasema mengi kuliko tangazo.

Tuanze na chesisi. 242 ndiyo GTO yenyewe. Kuanzia 1966 hadi 1971 Pontiac waliipa GTO tarakimu zake, kwa hiyo LeMans, ndugu yake wa kawaida wa Pontiac, iliyobandikwa vibao vya GTO hujulikana hapohapo, maana LeMans ni 237. (Kwa 1964 na 1965 kipimo hiki hakisaidii. GTO ilikuwa bado ni kifurushi cha nyongeza juu ya LeMans, na 1972 ikarudi kuwa hivyo.) 37 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo ya kati, 8 ni mwaka, na P ni kiwanda cha mji wa Pontiac, hapa kaskazini ya Detroit, njia ninayopita kwenda kazini. Kwa hiyo unayo GTO halisi. Hapo hajakudanganya mtu.

Sasa hiyo YS. Mwaka 1968 GTO ya kawaida, yenye nguvu farasi 350, ilitoka na herufi WT kama ni gia nne za mkono, na YS kama ni otomatiki. Gari lako lina gia za mkono na bloki ya otomatiki. Kuna njia mbili tu za kulieleza jambo hili. Ama gari lilizaliwa otomatiki, injini ni ya kwake, na mtu baadaye akang'oa giaboksi akaweka ya mkono. Ama lilizaliwa na gia za mkono, injini yake ikafa, ikaletwa bloki ya gari jingine. Kwa njia yoyote ile, maneno "namba zote zinalingana" yameshapasuka katikati, na bei ya 52,000 imejengwa juu ya maneno hayo.

Utajuaje ni ipi kati ya hizo mbili? Kuanzia 1968 bloki ilipigwa pia sehemu ya namba ya chesisi. Kwa Pontiac itafute mbele, upande wa abiria, chini karibu na kifuniko cha mnyororo wa taimingi. Beba brashi ya waya, kitambaa na tochi, maana huwa imefunikwa na grisi na rangi. Inatakiwa ianze na 28P kisha zile tarakimu sita za mwisho za chesisi yako. Zikilingana, injini ni ya gari hilo, nalo lilizaliwa otomatiki. Angalia pia uso wa chuma penyewe. Pakiwa pamesuguliwa laini kuliko sehemu za jirani, au tarakimu zimekaa ovyo, simama hapo, uniletee picha kabla hujafungua mdomo kuhusu bei.

Halafu ingia ndani, uinue zulia karibu na fimbo ya gia. Gari la gia nne lililotoka kiwandani lina nundu ya chuma sakafuni iliyochomelewa kiwandani. Iliyowekwa baadaye huonekana kwa jinsi ilivyokatwa na kuchomelewa. Si kosa kuiweka, na mimi nimeziweka nyingi, lakini bei yake si ya gari lililozaliwa hivyo.

Q ni kijani cha Verdoro. Rangi nzuri mno, na ukiniuliza mimi, GTO ya 1968 haijawahi kupendeza katika rangi nyingine kama ilivyopendeza katika ile. Mtu ameipaka nyekundu kwa sababu nyekundu huuzika haraka. Fungua buti utazame upande wa ndani wa kifuniko, chungulia chini ya dashibodi, utaiona kijani imejificha huko. Kubadili rangi hushusha thamani hata kama kazi ni safi. Na kama kijani bado ipo kwenye kingo za milango, basi ule "ukarabati kamili" haukuwa kamili, kwa sababu anayevua gari lote hapaki rangi nusu.

Nimefika kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, nalo ni vile vipele. Sikiliza vizuri. Magari haya yenye paa la vinili hushika maji. Maji huingia chini ya vinili kupitia vishikizo vya ule ukanda wa ng'aring'ari unaozunguka kioo cha nyuma, yakakaa kwenye mfereji wa kioo, yakala chuma taratibu, na juu huoni kitu. Mfereji ukitoboka, maji hushukia ndani ya buti. Buti huoza. Kutoka hapo huteremka pembeni, kwenye mifuko iliyo nyuma ya tairi za nyuma, nako huoza kutokea ndani kwenda nje, mpaka siku moja unaona malengelenge kwenye rangi unadhani jambo limeanza jana. Gundi iliyoachia huwa laini ukiibonyeza kwa kidole. Kutu hukwaruza, husikika kama mchanga chini ya ngozi. Bonyeza. Kisha inua zulia la buti, tazama pembe zote mbili, tia mkono mpaka mwisho. Tembeza sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye bodi ya nyuma, kuanzia juu ya tairi kushuka chini. Pale inapokataa kushika pana fila, yaani rojo la kuzibia bodi, na fila nene haiwekwi bila sababu.

Tairi: 2409 ni wiki ya 24 ya mwaka 2009. Hata kama kashata zake ni nzima, usiende nazo Dallas. Zing'oe.

Sasa bei. Umeuliza kwa nini jina moja lina 26,000 na 90,000. Ni kwa sababu "GTO ya 1968" si gari moja. Zilitengenezwa 87,684, na kati ya hizo 9,980 ni za paa la kukunja. Ipo yenye kabureta ya midomo miwili na farasi 265 kwa waliotaka utulivu, ipo yako ya 350, ipo ya 360, zipo za Ram Air, na ile Ram Air II iliyotoka katikati ya mwaka, ambayo ukiikuta na karatasi zake ni habari nyingine kabisa. Ongeza gia, rangi, karatasi na hali ya chuma. Anayekupa bei ya "GTO ya 1968" bila kukuuliza hayo, anakisia.

Mimi nafanya hivi. Sitazami bei zinazotakwa, natazama bei zilizolipwa. Bring a Trailer, mnada wa mtandaoni, wanaacha kumbukumbu za mauzo yao wazi, na chini ya kila gari kuna wajuzi wanaobishana kuhusu kila skrubu. Soma mabishano hayo kuliko maelezo ya muuzaji. Nyumba za mnada za Mecum na Barrett-Jackson nazo huweka matokeo. Ila uwe mwangalifu: mnadani mnunuzi huongeza ada juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa, kwa hiyo jua kama namba unayoisoma ina ada ndani au haina. Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale, nao wana mwongozo wa bei unaogawa hali katika daraja nne, ya 1 ikiwa ya maonyesho makubwa na ya 4 ya gari linalotembea lakini lina kasoro za wazi. Magari mengi mazuri yanayoendeshwa ni daraja la 3. Wauzaji karibu wote huandika bei ya daraja la 2. Pengo kati ya daraja hizo mbili ndilo linalommaliza mnunuzi.

Na tafadhali usiniletee bei za kwenye televisheni. Mwaka 2014, Mecum Seattle, Plymouth 'Cuda ya 1971 yenye injini ya Hemi na paa la kukunja iliuzwa dola milioni 3.5. Za namna hiyo zilitoka chache mno, unaweza kuzihesabu ukiwa umekaa. Haikuambii kitu kuhusu gari la Tulsa.

Kwa gari lako, kutokana na mauzo ninayoyafuatilia, ningeanzia 40,000. Hiyo ni otomatiki ya farasi 350, daraja la 3 safi, rangi yake ya asili, injini yake, karatasi zipo. Kisha naanza kutoa. Rangi iliyobadilishwa, 2,500. Mfereji wa kioo na vinili mpya na rangi ya nyuma, kama kutu haijafika kwenye buti, 6,500 kwa karakana inayofanya kazi ya heshima; ikifika kwenye buti zidisha mara mbili, wala sitanii. Tairi, breki, na mipira ya vakyumu ya zile taa za kujificha, ambayo karibu kila mara imekauka, 2,500. Tumefika 28,500. Gia za mkono kama zimewekwa vizuri zinamrudishia 2,000, kwa kuwa wanunuzi wengi wanazipenda. Hapo ni 30,500. Bloki ikiwa si ya gari hilo, toa nyingine 4,000.

Kabla ya yote agiza karatasi za PHS (Pontiac Historic Services). Hao wana kumbukumbu za kiwanda za Pontiac, ukiwapa namba ya chesisi wanakuletea nakala ya ankara ya gari lako: injini, gia, rangi, nyongeza zote, na muuzaji wa kwanza alikuwa wapi. Wenye Chevrolet wanatamani wangekuwa na kitu kama hicho. Chevelle SS 454 ya 1970 yenye injini ya LS6, farasi 450, ni moja ya magari yanayotafutwa zaidi, zilitoka 4,475 pamoja na El Camino, na namba yake ya chesisi haikuambii kama ni SS. Kumbukumbu za kiwanda kwa zilizouzwa Marekani hakuna. Watu wanafungua viti na kushusha tangi la mafuta wakitafuta karatasi ya kiwandani iliyosahaulika. Wewe wa Pontiac una njia nyepesi. Kutoitumia ni kumzawadia mtu pesa.


KINARA_HOUSTON

Mzee, shikamoo. Naheshimu ujuzi wako lakini naona unamtisha kijana. Amesema anataka ya kuendesha Jumapili. Mwendeshaji anajali nini kama bloki ilizaliwa na gari au ililetwa? Barabara haisomi namba. Mimi nina Cutlass ya Oldsmobile, injini si yake, na kila nikipita watu wanageuza shingo.


FUNDI_MVITA (Michigan)

Marahaba. Sikupingi hata kidogo, na Cutlass yako naipenda kabla sijaiona. Mtu anayetaka kuendesha anunue gari lenye injini ya kuletwa, au LeMans iliyovalishwa GTO, akapate raha ileile kwa pesa pungufu sana. Nimejenga nakala za namna hiyo, na mwenye gari akija kuichukua furaha yake ni ya kweli. Hapa kila Agosti, barabara ya Woodward ikijaa magari ya kale kuanzia Ferndale hadi Pontiac, hakuna anayesimamishwa aonyeshe karatasi.

Ninachokataa ni mtu kulipishwa bei ya asili akapewa nakala. Huyu kijana anaombwa 52,000. Katika hizo, kuna maelfu yanayolipia maneno "namba zinalingana", maelfu yanayolipia "gia nne", na maelfu yanayolipia "ukarabati kamili". Kama hajali mambo hayo, kwa nini ayalipie? Na kama anayalipia, aonyeshwe. Halafu anaendesha semi, hizi ni pesa za kulala mbali na watoto. Siku atakapohitaji kuliuza, mnunuzi wa siku hiyo atakuja na brashi ya waya na tochi kama nilivyomwambia yeye aende nazo.

Kuhusu kupungua na bei kupanda kila mwaka: haikuwa hivyo. Magari haya yalipanda vikali katikati ya miaka ya 2000, na baada ya 2007 yakaporomoka, hasa yale ya Hemi, wenye mikopo wakaumia. Waliokuwa vijana mwaka 1968 sasa ni wazee wenye magoti mabovu, na wengi wanauza. Kijana anunue kwa sababu analitaka, kwa bei ambayo ikishuka kidogo hatalia.


BINTI_MATRAH (Maskati)

Nyongeza ndogo kwa wasomaji wa Mopar, yaani magari ya Chrysler, Dodge na Plymouth, maana naona mnasoma: nako herufi ya tano ya chesisi ni injini. Charger R/T ya 1969 huanza XS29, ikifuatiwa na L kwa 440 Magnum au J kwa Hemi. Ikianza XP29 ni Charger ya kawaida, hata iwe na mistari na vibao vya R/T mwili mzima.


MWANA_KILOSA (Dallas, Texas)

Wakuu, nimerudi. Mzee Mvita, shikamoo sana.

Karatasi za PHS zimefika. Kijani cha Verdoro, paa la vinili nyeusi, injini ya farasi 350, otomatiki, taa za kujificha. Iliuzwa mpya hukohuko Oklahoma. Nilipata mzigo wa kupita Tulsa nikaenda na brashi na tochi kama ulivyoniagiza. Bloki ina 28P na tarakimu sita, zote sawasawa na chesisi. Uso wa chuma una mikwaruzo ya mashine iliyonyooka, sioni pa kusuguliwa. Nundu ya sakafu imechomelewa kwa mkono, lakini kazi ni nadhifu, na klachi inashika vizuri.

Vipele nilivibonyeza. Vinakwaruza, kama ulivyosema. Buti: pembe ya upande wa dereva ni nzima, upande wa abiria nilitia kidole kikapita. Kuna kiraka cha bati kimewekwa kwa riveti na kupakwa lami nyeusi juu. Sumaku ilikataa kushika sehemu ya upana wa kiganja nyuma ya tairi ya kulia.

Nilimwonyesha jamaa karatasi. Hakubisha. Alisema yeye naye aliuziwa kwa maneno hayohayo. Ameshuka hadi 43,000, na anasema kuna mtu wa Arkansas anakuja Jumamosi na 45. Gari nalipenda, mzee. Nalitaka kweli. Nimpe ngapi?


FUNDI_MVITA (Michigan)

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, na una habari njema kubwa: injini ni ya kwake, karatasi unazo mkononi, na sasa tunajua gari lilivyozaliwa. Hilo ni gari la kustahili kuokolewa.

Lakini kiraka cha riveti chenye lami hubadilisha hesabu. Yale 6,500 sasa ni 13,000, kwa sababu sakafu ya buti inang'olewa, na ule ubavu wa kulia unakatwa na kuwekwa bati jipya. Bati zinapatikana, bodi hizi zinashirikiana sehemu nyingi na Chevelle na ndugu zake, kwa hiyo hutakosa. Kinachogharimu ni saa za fundi. Fanya hesabu pamoja nami: 40,000, toa 2,500, toa 13,000, toa 2,500, rudisha 2,000. Ni 24,000. Kwa kuwa injini na karatasi zimethibitika, na kwa kuwa unalipenda, mimi ningekuruhusu ufike 27,000. Ukivuka hapo utakuwa umelipa bei ya gari la 40,000 kwa gari ambalo bado linadai fundi.

Usimpe namba kwa simu. Mpelekee ujumbe ulioandikwa: picha ya pembe ya buti, picha ya sumaku, ukurasa wa PHS, na makadirio ya karakana moja ya Tulsa iliyoliona gari. Mwambie 25,000, hundi ya benki, ofa hiyo inakaa mpaka mwisho wa mwezi. Usimtukanie gari. Mfanyabiashara akiona hesabu iliyoandikwa huwa anajua mnunuzi anayefuata anaweza kuja nayo hiyohiyo, na sasa akinyamaza kuhusu kutu atakuwa amenyamaza akijua.

Mtu wa Arkansas akija na 45, mwache achukue. Magari 87,684, mwanangu. Zipo nyingine, na ya otomatiki ya kijani isiyoguswa unaweza kuipata ndani ya ile 40 ya mama watoto ukivumilia mpaka majira ya baridi, watu wanapotaka nafasi kwenye gereji zao.

Akikubali, kabla hujatoa hundi linganisha namba ya chesisi ya dashibodi na ya kwenye hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu, kisha liinue kwenye jeki ya karakana. Anza kutazama fremu pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, upande wa kulia, chini kabisa ya ile pembe iliyooza. Gonga kwa nyundo ndogo. Ikilia kwa sauti kavu, lipa. Ikitoa sauti ya kuziba au ikimwaga unga wa kutu, rudisha hundi mfukoni na unipigie picha.